Je, wajua kwa nini dawa ya bei ndogo inaweza kuwa tiba ya gharama kubwa?

Karibu na stendi ya Nyegezi na kandokando ya soko la Kirumba jijini Mwanza, dawa ya mizizi au unga wa mlonge huuzwa kwa bei ambayo mvuvi au mama lishe anaimudu bila kukopa, na ndiyo maana wengi husema kwamba tiba asili ni nafuu kuliko hospitali. Usemi huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, wataalamu wa uchumi wa afya hawaishii kwenye bei ya chupa. Huuliza mambo mawili kwa pamoja, yaani mgonjwa, familia yake na serikali wametumia kiasi gani kwa jumla, na matumizi hayo yameleta afya kiasi gani.

Tumchukue mama anayeanika dagaa Igombe, mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na tuseme amenunua chupa ya shilingi 5,000. Akilipa daladala na bodaboda kwenda na kurudi, akapoteza mauzo ya siku hiyo, dagaa wake wakanyeshewa kwa kukosa wa kuwaanua, kisha akairudia safari hiyo mara 4 kwa sababu maumivu hayajakoma, zile 5,000 zinakuwa sehemu ndogo tu ya alichotoa. Hospitali nayo hupimwa kwa hesabu hiyo hiyo, maana nauli ya kivuko kutoka Ukerewe na kutwa nzima kwenye foleni ni gharama hata pale dawa zinapotolewa bure.

Mfano mkubwa tuliushuhudia mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako kikombe cha dawa ya asili cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kilitolewa kwa shilingi 500. Watu walikodi magari kutoka mikoa ya mbali, wakakaa barabarani siku kadhaa, baadhi yao wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za VVU au kisukari wakiamini wamepona. Shilingi 500 haikuwa gharama ya kikombe kile hata kidogo.

Je, basi tiba mbadala haiwezi kamwe kuwa na thamani kwa fedha inayotumika? Inaweza, na ushahidi upo. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walichapisha hesabu ya tiba ya Kichina ya sindano nyembamba kwa wagonjwa 241 wenye maumivu ya kiuno. Kwa miaka 2, waliopewa nafasi ya kuchomwa sindano waliigharimu huduma ya afya ya taifa wastani wa pauni 460 kila mmoja, na wale wa matibabu ya kawaida pauni 345. Nyongeza ya pauni 115 ilileta faida inayolingana na siku 10 hivi za afya kamili. Faida hiyo yaonekana ndogo, lakini ukikokotoa gharama ya kupata mwaka mzima mmoja wa afya njema kwa njia hiyo unapata takriban pauni 4,241, wakati taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini humo, ilikuwa tayari kukubali pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa namna hiyo. Mwaka 2009 NICE ikaipendekeza tiba hiyo kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2016 ikaiondoa, kwa kuwa ilipolinganishwa na sindano za kuigiza, yaani za uongo ambazo mgonjwa hudhani ni tiba halisi, tofauti ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo jibu hutegemea sana tiba inalinganishwa na nini, na dawa isiyoponya haina unafuu hata ikigawiwa bure.

Mapitio ya tafiti za gharama na faida za tiba mbadala yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta kwamba, kati ya milinganisho 56 iliyofanywa kwa ubora, 16 ilionyesha afya bora pamoja na kuokoa fedha. Hiyo ni asilimia 29, na si haba.

Mwanza si mgeni wa hesabu hizi. Kati ya 1991 na 1994, utafiti katika vijiji vya mkoa huu ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1997 gharama zake zikachapishwa: senti 39 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka, na takriban dola 218 kwa kila ambukizo lililozuiwa.

Ninatamani sana dawa za asili zinazotumiwa kandokando ya ziwa letu zipimwe kwa uzito ule ule. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake husajili waganga. Kazi inaweza kuanza na daftari la mganga aliyesajiliwa, lenye ugonjwa uliomleta mtu, dawa nyingine anazotumia, fedha zote alizotoa pamoja na nauli, siku alizokosa kazi, na hali yake wiki 6 baadaye, akiwemo yule ambaye hakurudi tena.