Preseti ya malighafi: anza na joto, malizia na rangi

Roli mpya ya malighafi (vinili, turubai au kingine cha kuchapia) ikifungwa kwenye printa kubwa, kosa la kawaida ni kuchagua preseti (mipangilio iliyohifadhiwa ya printa) yoyote yenye neno "vinili", kuchapa, halafu rangi ikigoma kuanza kuhangaika na faili. Mara nyingi faili haina tatizo. Preseti hubeba mambo mengi kwa pamoja: joto la hita, nguvu ya kunyonya malighafi ilale mezani, urefu wa kichwa cha kuchapia juu ya malighafi, usogezaji wa malighafi kila hatua, idadi ya mipito ya kichwa juu ya eneo moja, kikomo cha wino na profaili ya rangi (faili inayoiambia printa namna ya kupata rangi sahihi). Moja likibadilika huvuruga yanayolifuata, ndiyo maana mfuatano wa kurekebisha ni muhimu kuliko namba zenyewe. Hapa nazungumzia wino wa eko-solventi, yaani wenye kiyeyushi kinachokaushwa kwa joto.

Nakili preseti ya kiwandani inayokaribiana na malighafi yako, ile ya asili usiiguse. Ipe nakala jina lenye aina, unene na mipito. "Vinili mpya 2" halitamsaidia mtu yeyote baada ya miezi mitatu.

Kwa vinili ya gundi mimi huanza na nyuzi 38 za Selsiasi kwenye hita ya mbele na ya kuchapia, na 45 hadi 50 kwenye ya kukaushia. Joto likipungua, wino hujikusanya vidoa vidoa na kubaki unanata. Likizidi, vinili hufanya mawimbi, ikainuka na kukwaruza kichwa, na kichwa si kitu cha kuchezea. Iache malighafi ipate moto dakika chache kabla ya jaribio. Kuhusu kunyonya: malighafi ngumu inahitaji nguvu, lakini filamu nyembamba ikinyonywa sana hung'ang'ania meza na usogezaji unapungua.

Turubai lenye ukingo unaoinuka linataka kichwa kipandishwe. Ukikipandisha, tone linasafiri mbali zaidi, hivyo rudia kulinganisha matone ya kichwa kikienda na kikirudi. Usipofanya hivyo, mstari mwembamba wa wima ukiutazama kwa lenzi utauona ni miwili.

Usogezaji ndio unaokula muda, na unastahili. Kwanza chapa jaribio la nozeli (vitundu vya kichwa vinavyotoa wino), kwa sababu nozeli iliyoziba huacha mistari katika rangi moja tu, na hakuna usogezaji utakaoifuta. Nozeli zikiwa safi, chapa alama mbili zilizoachana milimita 500 kisha pima kwa rula ya chuma. Ukipata 498.5, umepungukiwa asilimia 0.3, ongeza kiasi hicho. Halafu chapa boksi la kijivu la asilimia 50 na ulitazame kwa karibu. Mstari mweupe unaojirudia kila baada ya nafasi ileile maana yake malighafi imesogea kupita kiasi. Mstari mweusi, mipito imepandana. Rekebisha kwa asilimia 0.05 kila mara. Kama kazi yenyewe itakunjwa na kikunjio cha mbele, fanya jaribio kikiwa kinavuta, maana mvuto wake hubadilisha kipimo.

Baada ya hapo ndipo wino. Rangi nne zikijaa zote ni asilimia 400, na vinili haiwezi kubeba kiasi hicho. Chapa vibandiko vya kuanzia 200 hadi 400, ukipanda kwa 20, kila kimoja kikiwa na maandishi madogo meupe ndani. Tafuta pale maandishi yanapoanza kuzibwa au wino unapochafua kidole baada ya kutoka kwenye kikaushio, kisha rudi hatua moja nyuma. Usichague kibandiko cheusi kuliko vyote kwa sababu kinapendeza. Wino wa ziada hubaki na kiyeyushi ndani, na ukibandika lamineti (filamu ya kinga juu ya chapa) mapema mvuke wa kiyeyushi hufanya viputo na kulainisha gundi. Hata kwa kikomo kizuri, mimi husubiri saa 24.

Mwisho pima vibandiko vya kila rangi kwa spektrofotometa (kifaa cha kupima rangi) ili kila rangi ipande kwa hatua sawa kutoka nyepesi hadi iliyojaa, kisha tengeneza profaili. Ukibadilisha joto, mipito au kikomo cha wino baadaye, profaili hiyo imekufa, tengeneza nyingine.

Usogezaji una unafuu: kuurekebisha hakuui profaili. Roli ya toleo jingine la malighafi ileile ikileta mistari, rudi kwenye boksi la kijivu kwanza. Kama ni usogezaji tu uliohama, urekebishe na profaili uiache ilivyo.