Tangazo lina makosa, basi muuzaji mwizi?

Jana tena mtu kanitumia skrinishoti ya tangazo la gari, Toyota Fielder, kazungushia mduara mwekundu neno "injeni", chini kaandika, fundi, huyu si tapeli huyu? Wallahi nimechoka. Kazi yangu ni kukagua magari ya watu kabla hawajatoa pesa, hapa mjini Mombasa na hadi Mtwapa nikiitwa, na bado sijafungua boneti nikakuta sarufi humo ndani.

Kwanza aliyeandika mara nyingi si mwenye gari. Mzee ana gari yake ya Probox Mikindani, Facebook haijui, amwambia mjukuu ambandikie, mjukuu achapa huku acheza gemu. Au gari imepitia kwa madalali, kila mmoja kanakili kwa mwenzake kaongeza chake juu na kudondosha neno, ikifika kwako imekuwa "fielda klin sana haina tatiso piga". Sasa hapo wamhukumu nani? Na yale ya yadi za magari, yenye koma na nukta mahala pake, yameandikwa na kijana wa kuajiriwa anayebandika maneno yale yale kwa kila gari, pengine gari yenyewe hajaigusa.

Lakini kinachoniudhi hasa ni kwamba mtu akishacheka herufi anaacha kusoma. Lile tangazo la mduara mimi nimelisoma mpaka mwisho. Jamaa kaandika, bila nukta hata moja, "injeni sawa AC haipozi kompresa imekufa bushi za mbele zalia bampa imepakwa rangi". Mwenzangu! Huyo kakupa bure nusu ya kazi ambayo ungenilipa mimi. Kompresa kufa Mombasa hii, mwezi wa pili, si kitu cha kuficha kirahisi, ila wapo wanaoficha, wakuita uje uone gari alfajiri kungali na ubaridi ukitoka hapo wasema AC freshi kabisa. Mtu anayejua bushi zipi zalia ameiendesha hiyo gari mwenyewe, na ameamua kukwambia.

Sasa tazama lile jengine alilonitumia, ambalo yeye kalipenda: "Gari ipo katika hali bora kabisa, imetunzwa vyema, mmiliki mmoja, haijapata ajali." Kila neno limekaa sawa na karibu yote huwezi kumshika nayo. Hali bora ndiyo nini? Yapimwa kwa spana gani? Halafu juu yake imeandikwa ni ya 2014, na ukivuta ile picha ya injini, kibati kinasoma NZE141. NZE141 ni alama ya modeli, ya Fielder za 2006 mpaka 2012. Hilo ndilo kosa la kuzungushia mduara mwekundu, na mtu wangu kalipita kwa sababu halikuwa la tahajia!

Na mambo ya namba za usajili pia. Watu waona namba yaanza na KDA wafikiri ndio umri wa gari. KDA yakwambia gari imesajiliwa Kenya lini, basi. Sheria yaruhusu kuingiza nchini gari ya mtumba isiyozidi miaka 8, kwa hivyo hiyo KDA yako yaweza kuwa imekula barabara za Japani miaka saba kabla haijashushwa bandarini Kilindini, na muuzaji akiandika "KDA" kwa herufi kubwa pasi na kutaja mwaka, nauliza mwaka kabla sijauliza bei.

Ya haraka haraka, maana mshayasikia: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Vioo vyote viwe na alama za kampuni moja. Bolti za madigadi zikiwa zimechunika rangi, madigadi yashafunguliwa, muulize kwa nini. Mkanda wa dereva uvute wote mpaka mwisho, usiishie pale unapofunga, maanake gari iliyoingia maji huoshwa viti na kapeti ikanukia maua, lakini ule mkanda uliojikunja ndani hakuna anayeukumbuka, utaona mstari wa tope umekatiza. Na hapa kwetu inama uangalie chini, gari iliyolala miaka karibu na bahari kutu yake huanzia kusikoonekana kwenye picha.

Sasa nisijifanye najua yote. Wanaoniita huwa washaipenda gari, kwa hivyo yale matangazo waliyoyacheka wakayapita hayanifikii. Huenda humo ndimo walimojaa matapeli kweli, mimi nitajuaje? Naona waliochujwa tu. Na ipo aina moja ya uandishi mbovu ambayo hata mimi yanitia shaka, si ya herufi, ni ile ambayo mji haukutajwa, bei iko chini mno, na sentensi pekee iliyonyooka ni ya kutuma dipositi.

Halafu mtu akikataa kukutumia picha ya logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, usikimbilie kupiga mayowe mwizi. Hata mimi siwezi kumrushia picha ya logbuku yangu mtu nisiyemjua. Onana naye, akupe namba ya gari, mfanye search ya NTSA, mamlaka inayoweka rekodi za magari, kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mkiwa mmekaa pamoja, uone jina na kama kuna benki inaidai. Jina lisipolingana na kitambulisho chake si lazima awe ameiba, wengi hununua wakauza bila kuhamisha, wakwepa gharama tu. Ila mteja wangu hatoi hata shilingi mpaka yule aliye kwenye rekodi apatikane, aje na simu yake akubali uhamisho mwenyewe.