Ngozi kwanza, kompyuta baadaye

Wanafunzi wengi wanaoomba nafasi kwenye maabara ya misuli, neva na utengamao huvutwa na video za mikono bandia inayoshika yai bila kulivunja. Hamu hiyo ni njema, na ndiyo iliyonivuta mimi pia kwenye uhandisi wa tiba. Lakini kazi ninayompa mwanafunzi mgeni haina roboti ndani yake wala akili mnemba. Nampa wembe mpya, pamba, spiriti, futi ya fundi cherehani na kalamu ya kuchorea ngozi, kisha namwambia autafute msuli wa mbele ya muundi kwenye mguu wa mwenzake. Utafiti wetu hupona au hufa hapo, kabla kompyuta haijawashwa.

Amri ya kusogea hutoka kwenye ubongo, hushuka hadi uti wa mgongo, na huko huzikuta seli za neva ambazo kila moja ina kundi lake la nyuzi za msuli. Seli ikifyatua, nyuzi zake zote huitika pamoja, na mkondo mdogo wa umeme hupita juu yake. Umeme huo ndio tunaoudaka kwa elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi. Kipimo hicho huitwa elektromiografia. Sisi kwa siku nzima tunasema EMG tu. Hadi ufike juu, umeshapenya mafuta na ngozi na umedhoofu. Msuli ukikazwa sana unaweza kupata milivolti chache, na ukikazwa kidogo unabaki na makumi ya mikrovolti. Soketi iliyoko ukutani, hatua mbili kutoka kitandani, ina volti 230, na mwili wa binadamu hudaka umeme unaosambaa kutoka kwenye nyaya zake kama antena.

Kwa hiyo mstari unaoruka kwenye skrini si lazima uwe sauti ya msuli. Unaweza kuwa waya uliotikisika, au mapigo ya moyo ukiwa unapima misuli ya kifua, au jasho, au taa ya dari.

Kuna jambo nimeliona likijirudia kwa wanafunzi wa kwetu. Mtu anapakua programu nzuri ya kuchuja ishara, iliyoandikwa Marekani, anaiendesha, kisha analalamika kwamba data yake bado inavuma. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni wa hezi 50. Chujio lake linakata mahali pasipo na uchafu, linakula na sehemu ya ishara halali, na mvumo wenyewe linauacha ulivyo. Kubadilisha namba hiyo moja ni rahisi, ila bado si dawa, kwa sababu ishara ya msuli hukaa takriban kati ya hezi 20 na 500, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko jirani kabisa na hiyo 50. Kila unachokata pale unakikata pamoja na nyama. Ni afadhali uchafu usiingie tangu mwanzo: nyoa nywele, sugua ngozi kwa spiriti hadi iwe nyekundu kidogo, iache ikauke, funga nyaya pamoja, chomoa chaja ili kompyuta itumie betri.

Na feni? Tukiizima mvumo hupungua, lakini kwa joto la Dar es Salaam mtu huanza kutoka jasho baada ya muda mfupi, gundi inalegea na elektrodi inateleza. Ndiyo maana napenda vipimo vifanyike asubuhi na mapema. Hili utalikuta pia kwenye mikono bandia inayoendeshwa kwa EMG, kwa sababu elektrodi zake hukaa ndani ya soketi, yaani ile sehemu ya mkono bandia inayobana kigutu, na humo hakuna upepo. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi wa uhandisi wafike TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, chuo ambacho tangu 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia. Waketi na fundi anapochukua umbo la kigutu kwa plasta na wamsikilize mtumiaji akisema panapombana. Mhandisi asiyewahi kushika kigutu atabuni kitu kizuri cha kuweka kabatini.

Turudi kwenye muundi. Miongozo ya SENIAM, mradi wa Ulaya wa kuweka utaratibu mmoja wa kupima EMG juu ya ngozi, iliyotolewa mwaka 1999, inasema uvute mstari kutoka kwenye mfupa mwembamba wa nje, chini ya goti, hadi fundo la ndani la kifundo cha mguu, ubandike elektrodi kwenye theluthi ya juu ya mstari huo, na vitovu vya elektrodi mbili viachane milimita 20. Mwanafunzi akikosea akaenda pembeni, atapima msuli wa jirani akidhani ni huu. Ni kama kusikiliza redio ya chumba cha pili kupitia ukutani ukaamini ni ya kwako.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alimpima mzee aliyepata kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Alimwamkia, akamsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili aya kwa aya, akambandika elektrodi za muundi na nyingine kwenye shavu la mguu.

"Mzee, naomba uinue ncha ya mguu, kisigino kibaki chini."

"Huo mguu hausikii, mwanangu."

"Jaribu tu mzee, hata usipoinuka."

Mguu haukuinuka. Lakini kwenye mstari wa muundi kilitokea kichaka kidogo cha mawimbi, kisha kikatulia. Hapo ndipo nilipomfurahia mwanafunzi, kwa sababu hakushangilia. Alimwomba mzee apumzike, akautikisa waya kwa makusudi aone unaonekanaje. Akamwomba akanyage chini kwa ncha ya mguu, ili ajue kama ishara ya shavu inavuja hadi mbele. Akarudia amri ya kwanza. Kichaka kilitokea pale tu mzee alipojaribu kuinua. Amri ilikuwa inafika, ingawa kwa seli chache mno kuweza kuunyanyua mguu.

Habari hiyo ina kazi. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumwonyesha mgonjwa mstari ule ili juhudi isiyoonekana kwa macho ionekane. Upo pia msaada wa kuuchochea msuli kwa umeme: mwaka 1961 Liberson na wenzake, huko Marekani, walieleza kifaa chenye swichi kwenye kisigino cha kiatu, ambacho mtu akiinua kisigino huichochea neva ya mguu ili ncha isiburute. Mbinu hiyo bado inatumika, na udhaifu wake mwanafunzi anapaswa kuuelewa vizuri. Mwili wenyewe huanza na seli ndogo zinazoendesha nyuzi zisizochoka upesi, ndipo huita kubwa, mpangilio uliochambuliwa na mtafiti wa neva Elwood Henneman. Umeme wa nje haufuati mpangilio huo. Huamsha nyuzi za aina zote kwa mkupuo mmoja, na msuli huchoka mapema.

Mzee aliuliza, "Kwa hiyo nitatembea?"

Swali hili huja karibu kila mara, na hakuna kitabu cha uhandisi kinacholijibu. Mwanafunzi alimwambia, "Mzee, mashine inaonyesha amri inafika kwenye msuli. Kuhusu kutembea, daktari wako na mtaalamu wa mazoezi ndio watakaokueleza. Leo tulikuwa tunapima." Ni jibu gumu kulitoa mbele ya uso wenye matumaini, na ndilo sahihi. Utafiti si tiba. Mtu aliyetupa mguu wake na asubuhi yake anastahili kuujua mpaka huo kabla ya kuweka sahihi, na akumbushwe tena tunapomaliza.

Kisha kuna daftari. Ikiwa mzee atarudi baada ya wiki sita na kichaka kikawa kikubwa maradufu, je, amepata nafuu au elektrodi imesogea kidole kimoja? Kwa mtu mzima wa afya tungelinganisha na mkazo wake wa juu kabisa, lakini kwa aliyepooza mkazo huo wenyewe hubadilika siku hadi siku. Kwa hiyo tunachora alama kwenye karatasi angavu ya plastiki pamoja na makovu na madoa ya ngozi yake, tunaandika pembe ya goti, saa, joto la chumba, aina ya elektrodi. Maombi ya mwaka huu yameshafunguliwa, kwa wanafunzi wa uhandisi na wa fiziotherapia pia. Kwenye usaili nitakupa mguu wa mwenzako, futi na kalamu.