Mzazi akichanganyikiwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi Unguja na Pemba huamini kwamba mzazi anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka siku chache baada ya kujifungua amepandwa na shetani, kwa hiyo mganga huitwa kwanza na hospitali hukumbukwa mambo yakishaharibika. Ukweli ni kwamba huo ni ugonjwa wa akili unaompata mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, na mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki 2 za mwanzo, mzazi akiwa bado yumo ndani ya arobaini, mikononi mwa mama yake, somo yake au wifi yake. Hao ndio wanaoziona dalili kabla ya daktari. Aghalabu usingizi ndio hutangulia kupotea: mtoto amelala, nyumba imetulia, lakini mzazi yu macho usiku wa pili sasa, anakunja na kukunjua nguo za mtoto, anazungumza mfululizo wala hahisi uchovu. Hufuata kusikia sauti wasizozisikia wengine, kushuku kwamba uji umetiwa kitu, au kushikilia kwamba mtoto amebadilishwa. Kisomo na kombe, yaani maji ya aya za Kurani anayonyweshwa mgonjwa, havina ubaya (na kumlaumu bibi aliyevileta hakumponyi mgonjwa), ila visimcheleweshe, kwani hii ni dharura ya siku ile ile. Isitoshe, maambukizi ya kizazi, malaria kali na kifafa cha mimba navyo huvuruga akili, na vipimo ndivyo vinavyobainisha.

Husemwa pia kwamba ni huzuni tu ya uzazi. Huzuni hiyo ipo, huwaliza wengi na kuisha ndani ya wiki 2, lakini haimtoi mtu katika uhalisia.

Kauli inayoponza zaidi, kwa maoni yangu, ni “leo hajambo”. Hali hii hubadilika saa kwa saa: asubuhi mzazi huweza kuwapokea wageni na kuwajibu vizuri, alasiri akapotea tena. Kwa hiyo asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto, mpaka atibiwe.

Wanaodai kwamba aliyelazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, ndiyo basi tena nao wamekosea, kwani wengi hupona kwa dawa. Hata hivyo, aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena akijifungua, na jambo hilo mkunga wa kliniki anapaswa kuambiwa mapema, mimba ikiwa bado changa.