Mtu anatemaje maji matakatifu?

Juma lililopita tulikuwa watu sita kwenye birika la kunawia la Shimogamo, jinja la kale hapa Kyoto, Japani. Jinja ni mahali pa ibada ya Ushinto, dini ya jadi ya Wajapani. Mama mmoja kutoka Mombasa akachota kata ya maji, akaipeleka mdomoni moja kwa moja, akanywa yote. Kisha akatoa chupa ya plastiki mkobani.

“Mwanangu, nijazie na hii. Ya wajukuu.”

“Mama, naomba usinywe. Haya ni ya kunawa na kusukutua tu, kisha unatema.”

“Kwani si matakatifu?”

“Ni matakatifu, mama.”

“Sasa mtu anatemaje maji matakatifu?”

Nimekuwa nikiwatembeza wageni wanaozungumza Kiswahili hapa Kyoto kwa miaka tisa, na sidhani umewahi kupita mwezi bila swali hilo. Anauliza mwanafunzi aliyefika majuzi, anauliza mfanyabiashara aliyepitia hapa akitoka Osaka, anauliza shekhe na anauliza mchungaji. Nimelijibu nikiwa nimesimama juani, nikikimbizana na basi, nikiongea kwa kunong'ona ili nisiwasumbue wanaosali. Nimechoka kulijibu nusu nusu. Leo nalijibu lote.

“Maji ya chemchemi takatifu yananywewa ili kupata baraka”

Najua dhana hii imetoka wapi. Aliyewahi kuletewa zamzam na mtu aliyerudi Hija anajua maji yale hunywewa kwa nia. Aliyekulia kwenye makanisa yetu ya siku hizi anayajua maji ya upako. Kotekote maji yanabeba kitu kizuri na kukiingiza mwilini. Kwa hiyo mgeni akisikia “chemchemi takatifu”, mkono unakwenda kwenye chupa kabla hajauliza.

Maji ya jinja yanafanya kazi kinyume na hapo. Hayaleti, yanaondoa.

Katika Ushinto, kinachomzuia mtu kumkaribia kami, yaani mungu au roho inayoabudiwa, ni kegare. Wengine huitafsiri kuwa dhambi, lakini neno letu lililo karibu zaidi nadhani ni nuksi: kitu kinachomganda mtu kwa kukutana na kifo, damu, maradhi au msiba, hata kama hakukosea lolote. Nuksi haihitaji kutubiwa, inaoshwa. Katika Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712, kami Izanagi anamfuata mkewe Izanami kwenye nchi ya wafu, anamkuta ameoza, anakimbia. Anapotoka huko kitu cha kwanza anachotafuta ni maji. Anavua kila alichovaa, anajiosha mtoni. Anapoosha jicho la kushoto anazaliwa Amaterasu, kami wa jua, jicho la kulia, Tsukuyomi wa mwezi, pua, Susanoo. Soma kisa chote, hutaona mahali Izanagi anapokunywa hata funda moja. Alikwenda majini kuacha kitu.

Pale Shimogamo jambo hili linaonekana kwa macho. Mbele ya kidimbwi cha Mitarashi kuna jinja dogo linaloitwa Inoue, yaani “juu ya kisima”, kwa sababu limejengwa juu ya kisima chenyewe. Kami wake ni Seoritsu-hime. Katika sala kuu ya utakaso, iliyoandikwa ndani ya Engishiki, kitabu cha kanuni za serikali cha mwaka 927, kazi yake inatajwa waziwazi: anakaa kwenye maji yaendayo kasi, anachukua uchafu wote wa watu na kuupeleka baharini. Huko kami mwingine anaumeza, wa tatu anaupuliza hadi nchi ya chini, wa nne anautokomeza kabisa. Sasa niambie, maji ambayo kazi yake ni kubeba uchafu wa watu kwenda baharini, unayanywa ya nini?

Ndiyo maana tunatema. Kutema si kuyadharau maji, ni kuyaachia yaende na mzigo wake. Jina lenyewe la Mitarashi maana yake ni mahali pa kunawia kabla ya kusimama mbele ya kami. Binti wa kifalme aliyepelekwa kuhudumu katika majinja mawili ya Kamo, Shimogamo na Kamigamo, utaratibu ulioanza mwaka 810, alijitakasa kwa maji kabla ya kuanza kazi. Mpaka leo, tarehe 4 Mei, mwanamke anayechukua nafasi yake katika sikukuu ya Aoi huinama na kutumbukiza ncha za vidole majini, mwaka mmoja Shimogamo, mwaka unaofuata Kamigamo. Vidole tu. Hakuna kikombe.

Utaratibu wa birika ni huu, na naomba ushike neno moja: kata moja inatosha. Shika kata kwa mkono wa kulia, chota mara moja. Mwagia mkono wa kushoto kidogo. Hamisha kata, mwagia wa kulia. Rudisha kata mkono wa kulia, mimina maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto, sukutua kwa maji hayo ya kiganjani. Kata isiguse mdomo. Wenzako wote wataishika baada yako. Tema pembeni, chini kwenye mfereji, mkono ukiwa umeziba mdomo, kamwe usiteme ndani ya birika. Nawa tena mkono wa kushoto. Mwisho simamisha kata wima ili maji yaliyobaki yashuke na kuosha mpini, kisha ilaze kifudifudi. Tangu wakati wa korona majinja mengi yameondoa kata na kuweka maji yanayotiririka kwenye mianzi. Hapo unakinga mikono tu. Kusukutua si lazima. Asiyetaka anagusisha vidole vyenye maji mdomoni, au anaacha.

Na beba kitambaa cha kujifutia. Nakisema kila asubuhi kabla hatujaondoka hotelini, na kila siku kuna anayejifutia kwenye suruali au, vibaya zaidi, anayekung'uta mikono na kuwarushia matone waliosimama nyuma yake.

Kuna wakati mmoja ambapo maji ya hapa hunywewa, na wageni wakigundua wanadhani niliwadanganya. Mwishoni mwa Julai, karibu na siku iitwayo ya Ng'ombe katika kalenda ya kale, ndani ya doyo, yaani kipindi cha mwisho wa kiangazi, ambapo joto la Kyoto ni kama la Dar mwezi Februari ila hakuna upepo wa bahari, hufanyika sikukuu ya Mitarashi. Watu huvua viatu, hupandisha nguo hadi magotini na kuingia kidimbwini na mshumaa mkononi. Maji ni baridi mpaka watoto wanapiga kelele. Unawasha mshumaa, unausimamisha mbele ya jinja la Inoue, unatoka upande wa pili, unafuta miguu, ndipo unapewa kikombe kidogo cha maji. Tazama mpangilio: kwanza kuoshwa, kisha kunywa. Na kikombe unapewa na wenyeji, hukichoti mwenyewe ulikokanyaga.

Na kama shida yako ni chupa, zipo sehemu za chupa. Jinja la Nashinoki, kando ya bustani ya kasri la kifalme, lina kisima cha Somei ambako wenyeji hupanga foleni na madumu. Fushimi, kusini mwa mji, lipo jinja la Gokonomiya lenye maji ya Goko, ambayo mwaka 1985 serikali iliyaingiza katika orodha ya maji 100 bora ya Japani. Eneo zima la Fushimi hutengeneza sake kwa maji ya ardhini ya namna hiyo. Pale unaruhusiwa, unachota, unaacha sadaka. Yule mama wa Mombasa nilimpeleka Nashinoki kesho yake asubuhi. Alijaza chupa mbili. Nilimwomba ayachemshe kabla ya kuwapa wajukuu, kama ninavyomwomba kila mtu anayesafiri na maji ya kisima.

“Hakuna chemchemi hapo, tumedanganywa”

Hii naisikia miezi ya baridi. Mgeni anafika kidimbwini, anakuta maji kidogo au mawe matupu, anataka kujua chemchemi iko wapi. Chemchemi si bomba. Wenyeji tangu zamani wamelihesabu hili miongoni mwa maajabu saba ya Shimogamo: kwamba maji hupungua siku nyingine zote na kuanza kububujika doyo inapokaribia. Mapovu yake ndiyo yanayosemwa kuwa asili ya mitarashi dango, vile vidonge vya unga wa mchele vilivyochomwa na kupakwa mchuzi mtamu wa soya. Simulizi inasema mfalme Go-Daigo alipotaka kuchota maji liliibuka povu moja, kisha manne mengine. Ndiyo maana kijiti cha asili kina vidonge vitano, kimoja kikiwa kimekaa mbali kidogo na vinne. Ukitaka maji, njoo Julai. Ukija Januari, tembea msituni.

Na msitu huo ndio watu wanaupita mbio kama korido! Tadasu no Mori una hekta 12 na ushei, ndani kabisa ya mji wa watu zaidi ya milioni moja, na miti yake mingine ina umri wa karne kadhaa. Uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994 pamoja na jinja lenyewe. Mtu wa Kilifi au Kwale aliyezoea kaya za Wamijikenda hahitaji kuelezwa kwa nini mahali pa kale pa ibada pamezungukwa na miti isiyokatwa. Mgeni wangu mmoja wa Kaloleni alivua kofia kabla sijamwambia kitu. Ingieni kwa miguu kutoka kusini, kupitia msituni. Anayeshushwa na teksi mlangoni ameukosa nusu ya Shimogamo.

“Ukinawa pale umeshabadili dini”

Hofu hii naiheshimu. Anayeniuliza anaogopa kumkosea Mungu wake, na hilo si jambo la kuchezea. Ukweli ni kwamba Ushinto hauna shahada wala ubatizo wa kumwingiza mtu. Hakuna anayekuandika jina kwa kunawa mikono. Vilevile si kutawadha. Ndugu Waislamu, udhu una masharti yake na nia yake, na maji ya birika lile hayauchukui nafasi. Lakini kunawa, kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili na kuinama tena ni salamu kwa kami, na mtu ana haki ya kusema “mimi hapana”. Basi usifanye. Simama pembeni, usizibe njia ya katikati, vua kofia, nyamaza. Hakuna Mjapani atakayekutazama vibaya. Ninachokataa ni yule anayekataa kusali halafu anapiga makofi kwa kuigiza ili apigwe picha. Usalipo, sali; usiposali, tulia.

“Jengo hili ni la miaka elfu mbili”

Mahali ndipo pa kale. Jinja lilikuwapo kabla Kyoto haijawa makao makuu mwaka 794. Majengo mawili makuu unayoyaona yalijengwa upya mwaka 1863. Desturi ya hapa ni kuyafanya upya kila baada ya miaka 21, na kwa kuwa sasa ni Hazina ya Taifa hayabomolewi, yanakarabatiwa; mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2015. Kwao ukale si mbao kuukuu.

“Jinja na hekalu la Budha ni kitu kimoja”

Siyo. Ukiona torii, lile lango la nguzo mbili, hapo ni jinja. Ukiona sanamu ya Budha na harufu ya ubani, hapo ni hekalu, na usipige makofi. Zilichanganyika kwa karne nyingi hadi serikali ilipoamuru zitenganishwe mwaka 1868, kwa hiyo utaona mabaki ya mchanganyiko. Zaidi ya hapo usijisumbue.

“Tupa sarafu majini, omba”

Tafadhali, hapana! Sadaka ina sanduku lake mbele ya jengo la kusalia. Sarafu kidimbwini ni takataka ambayo mtu atalazimika kuingia kuiokota. Weka yen 5, ile yenye tundu. Kwa Kijapani “yen 5” inatamkwa sawa na neno la kuunganishwa na mtu au jambo la heri, goen. Wingi wa fedha hauongezi kitu.

“Mto nao hauguswi”

Dhana ya mwisho, na hii inanisikitisha kwa sababu inawanyima watu raha. Kusini mwa msitu mito miwili, Kamo na Takano, inakutana na kuwa mmoja. Mto huo nao unaitwa Kamo, ila jina linaandikwa kwa herufi tofauti: juu ya makutano hivi, chini yake vile. Wageni wakitoka jinja wanasimama ukingoni kama watu walio msibani, wanaogopa hata kukaa kwenye nyasi. Wakati huohuo watoto wa mtaa wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe kuvuka mto, mengine yamechongwa umbo la kobe, wanafunzi wanapiga gitaa, wazee wanatembeza mbwa. Vukeni. Mawe yale yamewekwa kwa ajili ya kuvukia, na maji ni ya kina kifupi siku ambayo haijanyesha. Baada ya mvua kubwa msithubutu, mto hupanda haraka. Ukivuka upande wa magharibi, mtaa wa maduka wa Demachi uko karibu kabisa. Upande wa mashariki ndiko kituo cha treni cha Demachiyanagi. Bebeni soksi za akiba, kwa sababu nafasi kati ya kobe mmoja na mwingine ni kubwa kuliko inavyoonekana.