Kwa nini mashine ya kukatia michongoma huishiwa nguvu ikishapata moto?

Ukivuta kamba inawaka, isipopewa kazi inanguruma vizuri, na mita mbili tatu za kwanza za michongoma inazinyoa bila shida. Ikishapata moto ndipo vituko vinapoanza. Unabana mafuta, badala ya kupanda inazama, na visu vinakwama kwenye kijiti ambacho muda mfupi uliopita vingekikata bila wewe kujua. Ukiachia mafuta inatulia, inanguruma tena kana kwamba haina tatizo.

Fundi wa kwanza atakwambia plagi. Wa pili atasema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, na kuomba bisibisi. Huenda mmoja wao yuko sahihi, lakini mimi huanzia kwenye eksozi, na sababu iko kwenye namna injini hii inavyopumua.

Bodaboda nyingi za leo zina injini ya mipigo minne: pistoni inashuka kuvuta hewa na petroli, inapanda kubana, inashuka kwa mlipuko, inapanda kusukuma moshi nje. Kila kazi ina zamu yake, na valvu zinafungua na kufunga njia. Mashine ya kukatia michongoma, sawa na chenso na zile nyingi za kufyekea majani, huwa na injini ya mipigo miwili. Hii haina valvu za namna hiyo. Ukuta wa silinda una matundu, na pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikipanda na kushuka inayafunua na kuyaziba kwa zamu. Mpango huu ulizaliwa Uingereza, mjini Bath, kwenye karakana ya Joseph Day, kati ya 1889 na 1892, na wazo la kuifanya pistoni ifungue na kufunga hata tundu la kuingizia hewa lilikuwa la mfanyakazi wake, Frederick Cock. Umedumu kwa sababu unatoa nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Injini inalipua mara moja kila mzunguko, wakati ile ya mipigo minne inalipua mara moja kila mizunguko miwili.

Gharama yake ni kwamba moshi wa zamani na mchanganyiko mpya hupishana ndani ya silinda kwa wakati mmoja, na ule mpya ndio unaousukuma wa zamani nje. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, milipuko ni 150 kila sekunde. Piga hesabu uone muda unaobaki wa kupishana. Sasa ziba njia ya moshi kidogo tu, na mashine inakuwa kama mtu anayelazimishwa kuvuta pumzi mpya kabla ya ile ya zamani kumtoka. Isipokuwa na kazi hutagundua kitu, maana hewa inayopita ni kidogo. Ukibana mafuta, moshi uliokwama unakalia nafasi ya petroli mpya, na nguvu inakatika.

Kinachoziba ni masizi. Injini hii haina oili yake pembeni. Oili huchanganywa na petroli, huungua nayo, na isiyoungua vizuri hukauka ikawa ukoko mgumu mweusi. Ukoko huo hupenda sehemu mbili: tundu la kutolea moshi kwenye silinda, na wavu mdogo wa waya uliofichwa kwenye mdomo wa eksozi. Wavu huo umewekwa ili cheche zisiruke kwenye majani makavu. Si kila mashine inao, na wenye mashine wengi hawajui kama upo. Eksozi ikishapoa, fungua skrubu zake, uchomoe wavu na uutazame kwenye mwanga. Usipoona mwanga ukipenya, umempata mchawi. Usugue kwa brashi ya waya, uurudishe. Usiuache nje, hasa kiangazi. Kwenye tundu la silinda, vuta kamba polepole hadi pistoni ilizibe lote, kisha kwangua masizi kwa kipande cha mti. Bisibisi iweke mbali, alumini inachubuka upesi na mchubuko ukiugusa ukuta wa silinda umejiongezea tatizo jipya.

Kama eksozi ni safi, rudi kwenye tanki. Petroli inapotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na inaingilia kwenye kitundu kidogo cha kifuniko au kwenye kimpira kilichochomekwa juu ya tanki. Vumbi na oili vikikiziba, tanki linaanza kujivuta kwa ndani na petroli inagoma kutoka. Dalili yake haifichiki: mashine inafanya kazi dakika kadhaa, inalegea polepole, inazima. Iache ipoe kidogo, ulegeze kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa kwenda ndani, na mashine ikawaka na kurudisha nguvu, tatizo ni hilo. Ukiwa hapo hapo, ingiza waya uliopindwa ncha, uvue kichujio kinachoning'inia mwisho wa mpira wa mafuta. Kikiwa cheusi au kigumu, badilisha. Kagua na mpira wenyewe kwa kuupinda: ukizeeka hupasuka nyufa nyembamba zinazovuta hewa badala ya petroli.

Kabureta ya mashine hizi haina boya kama ya pikipiki, kwa sababu mtumiaji anailaza, anaiinua, pengine anaipindua kabisa. Badala ya boya kuna viwambo vyembamba, na kimoja kinapigapiga kwa msukumo wa hewa kutoka chini ya pistoni ili kuvuta petroli. Kiwambo kikikakamaa, petroli ya kungurumia inatosha, ya kufanyia kazi haitoshi. Seti ya viwambo na gasketi zake kwa kawaida haina bei kubwa ukilinganisha na kabureta nzima.

Nisichokipenda ni haraka ya kugeuza skrubu ya kabureta yenye herufi H. Ukiikaza, petroli inapungua na injini inalia kwa sauti kali, ya kufurahisha kabisa. Ila oili inasafiri ndani ya petroli hiyo hiyo. Ukiipunguza moja umepunguza zote mbili, na pistoni inaanza kujisaga kwenye chuma kikavu. Plagi itakuonya: rangi ya kahawia ni afya, nyeusi yenye unyevu ni petroli au oili iliyozidi, nyeupe ni njaa.

Mchanganyiko nao usiukadirie kwa kifuniko cha chupa. Mashine inayotaka 50 kwa 1 inahitaji mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Ya 25 kwa 1 inahitaji 40. Fuata kilichoandikwa kwenye mashine yako, na oili iwe ile ya mipigo miwili, si ya gari. Petroli iliyochanganywa zaidi ya mwezi mmoja uliopita isiingie humo.

Kuna hitilafu moja inayofanana sana na hizi lakini ni ya umeme. Koili, ile inayozalisha umeme wa cheche ya plagi, ikiwa mbovu hufanya kazi ikiwa baridi na kukata cheche ikichemka. Tofauti iko kwenye namna ya kufa: njaa ya petroli huiua mashine kwa kuilegeza, koili huikata ghafla, na haiwaki tena mpaka ipoe.

Na kabla ya yote hayo, sikiliza. Injini ikipiga kelele vizuri huku visu vikizunguka kivivu, usiiguse injini. Ama krachi inateleza, ama visu vimegandwa na utomvu. Wenye ua wa minyaa wanaujua huo utomvu. Usafishe ukiwa umevaa miwani na glavu, maana ukiingia machoni hautakuacha salama.

Yote yakishindikana, pima mbano, yaani kama pistoni bado inabana hewa ndani ya silinda bila kuvuja. Zima swichi, ishike mashine kwa mpini wa kamba na uiache ining'inie. Ikishuka taratibu kwa kusitasita, mbano upo. Ikiporomoka moja kwa moja, toa eksozi umulike pistoni kwa tochi kupitia tundu la moshi. Ukiona michirizi ya wima, dawa ni pistoni mpya na mara nyingi silinda mpya, na kwa mashine ya bei ndogo ulizia kwanza bei ya seti hiyo kabla fundi hajaanza kufungua.