Prikweli sio sura ya kwanza iliyosahaulika

Wiki hii tena. Mtu kaniandikia, "nataka nianze ile riwaya, si naanza na prikweli kwanza maana ndo mambo yalipoanzia?" Nikamjibu hapana. (Prikweli ni kitabu kinachosimulia yaliyotokea kabla ya hadithi kuu.) Akauliza kwa nini. Hili swali nimeshalijibu mpaka vidole vimechoka, sasa naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtupia linki.

Kilichotokea kwanza sio lazima kisomwe kwanza. Basi. Novela ya prikweli, hii hadithi fupi kuliko riwaya, ya maneno elfu ishirini hivi inayofuatia riwaya ya vijana (tuzo za Hugo, zile za hadithi za kisayansi na kifantasia, wanahesabu novela kuwa kati ya maneno 17,500 na 40,000, tusibishane), kwa kawaida imeandikwa baada ya riwaya, na mwandishi akiiandika anajua wewe umeshalia kwenye sura ya mwisho. Hayo machozi yako ndo mtaji wake.

Tuseme kwenye riwaya kaka anakufa maji sura ya 19. Novela inarudi nyuma miaka miwili, ukurasa wa 5 huyo kaka anamfundisha mdogo wake kuogelea, anamwambia "ukichoka lala chali, maji yatakubeba." Aliyesoma riwaya anafunga kitabu kidogo, anavuta pumzi. Ambaye hajasoma anaona kaka mpole anafundisha kuogelea, anafungua ukurasa unaofuata. Maneno ni yale yale!

Ama chukua Narnia, ule mfululizo wa vitabu vya watoto wa C. S. Lewis. Kitabu cha kwanza kutoka, 1950, msichana Lucy anapita kabatini anakuta taa ya barabarani inawaka katikati ya msitu wenye theluji, hakuna maelezo, na wewe unashangaa naye. Taa ilifikaje pale unakuja kuambiwa kwenye kitabu cha 1955, cha sita kuchapishwa, ambacho siku hizi matoleo mengi yamekibandika namba 1. Ukianza na hicho, Lucy anabaki kushangaa peke yake, wewe umekaa pembeni unajua kila kitu kama mjomba aliyeshaangalia muvi.

Najua mtakuja na barua. Mwaka 1957 Lewis mwenyewe alimjibu mtoto mmoja wa Marekani kwamba anakubaliana naye kusoma kwa mpangilio wa matukio, ila akaongeza kwamba pengine mpangilio wenyewe sio ishu sana. Inaniuma lakini ndo hivyo, mwandishi kasema. Mimi bado nabisha.

Sasa waandishi, maana nyie ndo mnanimaliza. Mnadhani prikweli ni sehemu ya kulipa madeni yote. Riwaya imetaja kovu, bangili, jina la utani na kuogopa mbwa, basi kwenye novela mbwa anamng'ata mtoto, linabaki kovu, bibi anampa bangili ya kumfariji, rafiki anampachika jina la utani, na yote hayo Jumanne moja. Jamani! Mtu hatengenezwi kwa siku moja. Halafu lile kovu lilikuwa linatisha kwa sababu msichana alikuwa akiulizwa anavuta mkono wa shati kulifunika. Ukishaniambia ni mbwa, limekuwa kovu la mbwa.

Kitu kingine ni daftari la nani anajua nini. Kama ukurasa wa kwanza wa riwaya shujaa anashtuka kusikia kuna mlango wa siri, huwezi kumpitisha mlango huo miaka miwili nyuma. Mnapitisha. Halafu nikiuliza mnaniambia alipoteza kumbukumbu.

Umri nao, haraka haraka: shujaa ana miaka 16, ukimrudisha nyuma minne ana 12, hapo umeshaandika kitabu cha watoto. Ndo maana prikweli nyingi nzuri zinamchukua mtu wa pembeni, dada mkubwa, adui.

Kuna sehemu nakwama mwenyewe. Wachapishaji wanapenda kuitoa novela bure kama kitabu pepe ili ivute wasomaji wapya, kwa hiyo anayeipata kwanza ni yule yule niliyemwambia asianze nayo, na mwandishi anatakiwa amfurahishe mgeni bila kumchosha mwenyeji. Sijawahi kuona mswada uliofanya yote mawili vizuri. Na nikisema ukweli wote, yule aliyeanza kwenye ukurasa wa kuogelea akija kufika sura ya 19, inawezekana anaumia kuliko mimi nilivyoumia, maana yeye kaka alishamzoea. Hilo silijui na nimeacha kujifanya najua.

Mswada ulio mezani leo una mbwa. Nimemwandikia mwandishi pembeni kwa wino mwekundu: mfukuze huyu mbwa, kovu liache.